Naomba ushauri: mkuu wa serikali Zanzibar, nimweleweshe vipi mdogo wangu?

Habari zenu wakuu. Namsaidia mdogo wangu wa kidato cha nne somo la Uraia, tumekwama Zanzibar. Daftari lake bado linamtaja Waziri Kiongozi, cheo kilichofutwa 2010, Shamsi Vuai Nahodha akiwa wa mwisho, wakaja Makamu wawili wa Rais. Kwamba Rais ndiye kiongozi wa SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) na mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, kaelewa. Anachouliza: Makamu wa Pili, anayesimamia shughuli za serikali Baraza la Wawakilishi, tumfananishe na Waziri Mkuu wa Muungano? Halafu Rais wa Zanzibar ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano, hapo ndipo anapochanganyikiwa kabisa. Walimu, mnaanzia wapi? Naumia kumwona akikariri tu.