Tupeane uzoefu: faili la CAD linafika kwa mwenzako na vipimo vingine

Kalamu ya Sinza
Wakuu salaam. Wachoraji, wapima ardhi, watu wa kukata chuma kwa plazma na leza, karibuni. Mchoro wa CAD, yaani wa kompyuta, kwako uko sawa kabisa, unamtumia mwenzako WhatsApp, anakupigia: "Mbona nyumba yote inaenea kiganjani?"

Mimi sigusi kitu kabla sijapima. Naandika DIST, amri ya kupima umbali, napima mlango ninaoujua ni milimita 900, kisha 900 naigawa kwa namba iliyotokea. Nikipata 1000, kachora kwa mita. 25.4 ni inchi, 304.8 ni futi, 10 ni sentimita. Nikipata kitu kama 1.37, hapo yuniti hazihusiki, kuna mtu kauvuta mchoro kwa macho. Leteni visa vyenu.

Plazma Gerezani
Hii kwetu ni chai ya kila siku. Mteja wa geti kaleta DXF (faili la mchoro ambalo mashine inalisoma) ya maua, kwenye mashine inasoma 96 kwa 48. Mtu wa mabati anajua palepale: bati la futi nane kwa nne, lipo kwa inchi, na mashine inasoma milimita. Kijana aliyelileta akasema "kuza mara 25, inatosha". Haitoshi! 96 mara 25 ni 2400, wakati bati lina 2438. Karibu sentimita nne zimeliwa. Matundu ndiyo balaa zaidi: la milimita 10 linatoka 9.84, bolti ya kumi haipiti, unabaki na drili unatanua moja moja. Ni 25.4 kamili, msipunguze.

Halafu huyohuyo unene anakutajia "pleti ya milimita tatu". Maua inchi, unene milimita, geti lenyewe futi. Ndiyo Dar hiyo.

Bikoni
Makosa ya mara 1000 hayanitishi maana kila mtu anayaona. Ninaloliogopa ni lile dogo.

Nilipokea mchoro wa eneo la Goba uliopitia kwa mshauri aliyezoea kazi za Marekani, akaugeuza kuwa futi. Nikaurudisha kwenye mita kwa 0.3048. Ukuta kwa ukuta, vipimo safi. Kuuweka juu ya bikoni zetu, yaani alama za mipaka, kila kitu kimesogea mita 18 na ushee kwenye mstari wa kaskazini-kusini, na kama mita moja tu mashariki-magharibi. Ukuta wa mteja umeingia kwa jirani.

Sababu ni kwamba kuna futi mbili. Ya kimataifa ni mita 0.3048 kamili. Ya wapima wa Marekani ni mita 1200 ukigawa kwa 3937, imezidi kwa sehemu mbili tu katika milioni. Waliiacha rasmi mwisho wa 2022, lakini mafaili yake bado yanazunguka. Kwenye chumba cha kulala tofauti hiyo huioni hata kwa darubini. Ila sisi tuko UTM kanda ya 37 Kusini, mfumo wa koordinati za ramani kwa mita, na kwa Dar namba ya kaskazini ni milioni 9.2 na zaidi. Zidisha mwenyewe kwa hizo mbili katika milioni uone. Ya mashariki ni laki tano na kitu, ndiyo maana upande huo ulisogea kidogo.

Na nyie wasanifu, mkinirudishia mchoro uliokuzwa mara 1000, semeni mliukuzia kutoka wapi. Ukitumia SCALE, amri ya kukuza, na kubofya kona ya nyumba badala ya kuandika 0,0 (sifuri ya koordinati), mimi nikipunguza kutoka 0,0 koordinati zote zimekwenda na maji.

Chap Chap
Mnajichosha wakuu. SCALE, 1000, maisha yanaendelea.

Kalamu ya Sinza
Mkuu Chap Chap, hapo umekuza namba tu, faili bado linajitambulisha kuwa la mita. Angalia INSUNITS, namba inayosema faili ni la yuniti gani: 6 ni mita, 4 milimita, 1 inchi. Ukiiacha kwenye 6, mwenzako akiuingiza mchoro kama bloku ndani ya faili lake la milimita, programu inaukuza mara 1000 nyingine. Tumia amri ya -DWGUNITS, inabadili vyote viwili, ukubwa na yuniti. Ila vipimo ambavyo mtu alivichapa kwa mkono juu ya mstari havitabadilika, hivyo vikague kimoja kimoja.

Chap Chap
Aisee. Sasa nimeelewa kwa nini kuna mtu hapokei simu yangu.

Printa ya Mlimani
STL, faili la kuchapa 3D, ndiyo kabisa, haibebi yuniti, namba tupu. Programu nyingi za kuchapa 3D zinaichukulia kuwa milimita. Mwanafunzi kaleta nyumba ya mita 12, ikatokea milimita 12. Alitaka 1:100, nikaikuza mara 10 tukamaliza.

Steshenari Mwenge
Na wale wa kuchapa A1 kwenye A3 huku pembeni pameandikwa 1:100? Hiyo sasa ni 1:200. Wekeni mstari wa skeli, wenyewe unapungua pamoja na mchoro.

Plazma Gerezani
Kalamu, DXF ninazoletewa nyingi INSUNITS ni 0 au haipo kabisa. Nafanyaje?

Kalamu ya Sinza
0 maana yake hakuna yuniti iliyotajwa. Ikikosekana kabisa, huenda wamehifadhi kwa toleo la zamani la R12, ambalo halikuwa na sehemu hiyo. Waombe DXF ya toleo la 2000 kuja juu, na jina la faili liwe geti_mm.dxf. Wakigoma, waulize upana wa geti kabla hujawasha mashine.