Kupiga picha Kibo kutoka ndege ndogo: mtungi wa gereji unafaa?

Mpigapicha_Chumbageni
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Niko Tanga, kazi yangu ni picha. Nimepata kazi ya kupiga barafu ya Kibo kutoka angani. Ndege ni ya injini moja yenye turbo, haina mgandamizo wa hewa ndani kama ndege kubwa. Itanichukua hapa uwanjani Jumapili kabla hakujapambazuka, tupite juu ya Korogwe na Same, tuzunguke mlima dirisha likiwa wazi. Rubani anasema tutafika karibu futi 18,000 na nitavaa oksijeni. Binamu yangu ana gereji Ngamiani, yuko tayari kutuachia mtungi wake wa oksijeni ya kuchomelea kwa bei ndogo. Unafaa? Na kuna ulazima kweli? Wapagazi wanafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, bila mtungi wowote.

FundiGesi
Dada, mimi mwenyewe ni mchomeleaji na nakuomba usivute hewa ya mitungi yetu. Gesi ya mtungi wa pili, yaani asetilini, inaweza kurudi nyuma kwenye mpira wa oksijeni, na regulata zetu (vipunguza presha) zinashikwa na mikono yenye grisi mchana kutwa. Hakuna anayejua ndani mna nini. Na hata ukipata mtungi sahihi, anayeufungua afungue valvu polepole sana. Presha ikiingia kwa kishindo, joto hupanda ghafla, na pakiwa na mafuta hapo moto unawaka.

RubaniMzee
Marahaba mwanangu. Nimerusha ndege ndogo hadi nikastaafu, na jambo hili linanigusa sana, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Fundi kasema kweli. Tumieni oksijeni iliyoandaliwa kwa ndege. Hiyo hukaushwa kabisa, kwani unyevu kidogo tu ukiganda kule juu kwenye baridi unaweza kuziba regulata.

Kuhusu wapagazi: wao hupanda kwa siku kadhaa na mwili unapata muda wa kuzoea. Hata hivyo, wapo wanaougua. Wewe unatoka usawa wa bahari na kufika futi 18,000 asubuhi hiyo hiyo. Kule sehemu ya oksijeni hewani bado ni asilimia 21, ila mgandamizo wa hewa umepungua hadi nusu, kwa hiyo mapafu yanapata kidogo mno. Bila msaada, mtu katika mwinuko huo ana kama dakika 20 hadi 30 za akili timamu.

Shida ni kwamba hutajua zinakwisha. Ukosefu wa oksijeni hauumi. Wengi hujisikia raha, wanajiamini kupita kiasi, huku kucha zimekuwa za bluu na hesabu ndogo inawashinda. Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipaa kwa puto liitwalo Zenith hadi zaidi ya mita 8,000, na oksijeni walikuwa nayo. Crocé-Spinelli na Sivel walikufa. Tissandier, aliyesalimika, alieleza kuwa alitaka kuushika mrija wa oksijeni, mkono ukakataa kunyanyuka. Ndiyo maana nasema oksijeni si sweta, kwamba utaivaa ukishaona baridi. Mchana vaeni kuanzia futi 10,000. Kukiwa bado giza, anzeni hata futi 5,000, maana uwezo wa kuona gizani ndio hutangulia kupungua.

Mirija ya puani mwisho wake ni futi 18,000, nanyi mtakuwa ukingoni kabisa. Dai barakoa, hasa ukiwa na mafua au ukizoea kuhemea mdomo.

Mwulize rubani mtungi una lita ngapi. Kwa mfumo wa kawaida unaotiririka mfululizo, kadiria lita 1 kwa dakika kwa kila futi 10,000, kwa kila mtu. Ninyi wawili kwa futi 18,000 ni lita 3.6 kwa dakika, hivyo lita 400 hazifiki saa mbili, na hapo hujaweka akiba. Geji iwe mahali anapoiona akiwa kitini.

Halafu midomo itakukauka. Usipake mafuta ya mgando, usoni wala midomoni. Pakeni maji tu. Mafuta hayo na oksijeni safi hushika moto.

Muuguzi_Makorora
Naongeza: beba oksimita, kipimo cha oksijeni kwenye damu, ile ya kubana kidoleni. Ikishuka chini ya asilimia 90, mwambie rubani mara moja. Kidole cha baridi, rangi ya kucha au piko nyeusi vinaweza kuvuruga kipimo, kwa hiyo acha kidole kimoja kitupu.

RubaniMzee
Vizuri sana mama. Ila kipimo hicho hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi, sumu ya moshi wa ekzosi. Hita ya ndege hizi huvuta joto kwenye ekzosi, na kule mtaiwasha. Ikivuja, kidole kitasoma 98 na mtu anazimia. Wawe na kifaa cha kugundua sumu hiyo. Ukiona kichwa kinauma au mwenzako anajibu ovyo, ongezeni oksijeni, fungeni hita, mshuke chini ya futi 10,000. Picha ziachwe.

Mpigapicha_Chumbageni
Nashukuru sana babu, na ninyi nyote. Mtungi wa binamu nimeukataa tayari. Swali la mwisho: Jumamosi mchana nina kazi ya kuzamia kupiga picha za matumbawe. Haina shida?

RubaniMzee
Ina shida kubwa, mwanangu, na nashukuru umeuliza. Ukizamia kwa mtungi, nitrojeni huyeyuka mwilini, na ukipanda angani mapema hutoka kama mapovu kwenye viungo na damu. Kwa kupaa zaidi ya futi 8,000 subiri saa 24 kamili. Mchana wa Jumamosi hadi alfajiri ya Jumapili hazifiki, na oksijeni ya ndege haiondoi tatizo hilo. Mpigie rubani leo msogeze safari iwe Jumatatu, au matumbawe yangoje.