Niko Istanbul, nimealikwa tena mtaa wa İstiklal usiku huu. Niende?

MuuzaJinzi: Wakuu habari. Nina kibanda cha nguo Mwanjelwa, nimekuja huku kufuata mzigo, nimefikia Laleli. Ndege keshokutwa. Kuna huu mtaa wa İstiklal, kama kilomita 1.4 kutoka Taksim mpaka Tünel, watu kwa miguu tu, maduka kulia kushoto, majengo ya zamani mtu unatembea shingo iko juu. Kuna jamaa kanialika tukutane pale saa mbili usiku. Niende au nifungashe mzigo? Usingizi haunijii.

ViaziUyole: Nenda mkuu, kuna kitramu chekundu kinapita katikati ya watu, kipigie picha. Mimi Guangzhou siku nne niliona maghala tu. Mwanangu akiniuliza China ikoje namwambia ina ngazi nyingi.

MamaWaTukuyu: Mwanangu, mwaliko wa matembezi ndio unakukosesha usingizi? Na umeandika "tena". Sema yote.

MuuzaJinzi: Shikamoo mama. Jana nilienda. Pale kuna muuza aiskrimu ana chuma kirefu, anakupa koni, ukishika unabaki na karatasi, aiskrimu anayo yeye juu. Watu wanacheka, nami nacheka, ndipo jamaa akanisogelea. Akasema naye mgeni, mfanyabiashara. Teksi ikatushusha mlango wa baa hapo hapo İstiklal. Bia mbili, wadada wawili wakaja kukaa bila kuitwa. Bili dola 800. Jamaa kalipa nusu, mimi nusu. Leo kasema atanirudishia yangu, roho inamuuma.

MnyaluKihesa: Kamwene! Huyo kalipa kwa mfuko wa kulia, kapokea kwa wa kushoto.

MzeeWaUsharika: Kijana, baa ulifuata nini? Shemeji yangu alianza hivi hivi Tunduma, soda moja tu, leo lori si lake na mke si wake. Ngoja niwaeleze vizuri…

MamaWaTukuyu: Mzee tusubiri. Mwanangu, dola hizo za nani?

MuuzaJinzi: Za kikoba cha mke wangu. Akina mama 22, magauni ya Krismasi. Lakini nikirudishiwa hizo 400 hakuna atakayejua, na kikao ni Jumamosi. Jamaa ana sura ya utu. Nimeshamjibu nakuja.

Kitulo_Baridi: Chai hii, na haijatiwa hata tangawizi. Mwezi jana uliomba ushauri wa kuku wa mayai, leo uko Istanbul? Halafu İstiklal magari yalizuiwa toka 1990. Teksi ilikushusha mlangoni kwa mabawa?

ViaziUyole: 😂😂 Kuku wamepaa.

MuuzaJinzi: Kuku ni wa mke. Na teksi ilitushusha mtaa wa nyuma, tukaingia kwa kichochoro. Naandika huku mikono inatetemeka.

Kitulo_Baridi: Katikati ya mtaa kuna nini?

MuuzaJinzi: Lango kubwa la chuma, shule ya Galatasaray. Ng'ambo yake kuna ule ukumbi wa migahawa wenye paa la vioo.

MsafirishaMizigo: Yupo kweli, Kitulo. Nimepita hapo mara sita. Mkuu, mchezo huo Taksim ni wa miaka na miaka. Anayekupeleka baa ndiye mtu wa baa. Leo hakurudishii, anakuja kuchukua zilizobaki. Hapo Laleli panda tramu ya T1, shuka Sultanahmet, kuna polisi wa watalii.

MuuzaJinzi: Polisi wataniuliza baa nilifuata nini, kama mzee hapo juu.

MzeeWaUsharika: Na wana haki. Sasa shemeji alipofika Tunduma…

MamaWaTukuyu: Mpigie mkeo. Akina mama 22 wakikusikia kwa mdomo wako wakakununia mwezi mmoja, utapona. Wakisikia kwa wengine, hamia huko huko.

MuuzaJinzi: Niko kwenye tramu.

MsafirishaMizigo: Ya kwenda wapi? T1 hiyo hiyo ndiyo inayokwenda Kabataş, unapanda Taksim.

MuuzaJinzi: Najua. Zilizobaki nimeziweka kwenye soksi. Imesimama Sultanahmet, milango imefunguka.

MamaWaTukuyu: Shuka!

ViaziUyole: Mkuu kabla hujashuka, jinzi za kiume jumla wanauzaje huko?