Tupeane uzoefu: injini kuukuu ya dizeli ikikosa mafuta, tatizo ulilikuta wapi?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari zenu. Nina injini ya dizeli ya silinda nne, ya zamani, zile zisizo na kompyuta wala sensa. Mwezi mzima ilinikosesha usingizi. Asubuhi inawaka kwa stata moja, inanguruma kama sekunde 20, kisha inafifia na kuzima. Nikibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mara kumi hivi, inawaka tena na kutwa nzima hainisumbui. Fundi wa kwanza akasema pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye silinda, imekufa, ishushwe. Nilimkatalia. Pampu iliyochakaa kwa kawaida huanza kugoma injini ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na inavuja ndani kwa ndani. Yangu ilikuwa inagoma ikiwa baridi tu, tena baada ya kulala usiku kucha.

Nikachomoa mpira unaoingia kwenye pampu, nikaunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Kesho yake nikaona kwa macho yangu: viputo vinapita mfululizo, dizeli inakatika, injini inazima. Hewa! Nikarudi nyuma kiungo kwa kiungo hadi kwenye bolti ya juu ya filta. Filta ilipobadilishwa mara ya mwisho, zile wosha za shaba zilirudishwa zilezile kuukuu. Nje pakavu, hakuna hata tone. Hapo ndipo wengi tunapopotea, tunatafuta palipolowa. Injini yangu haina fidi pampu, ile ndogo ya kuleta dizeli kutoka tangini. Pampu kubwa ndiyo inayovuta kutoka tangini, kwa hiyo njia yote ile ni ya kuvuta. Penye upenyo dizeli haitoki, hewa ndiyo inayoingia. Usiku mafuta yanarudi tangini polepole, asubuhi mrija mtupu. Wosha mbili mpya, kazi ikaisha.

Nyinyi mlikuta wapi? Leteni hata lililokuwa dogo.

Mzee wa Trekta
Mkuu umenikumbusha mbali. Trekta langu lilikuwa likizima katikati ya kulima. Nikilisubiri dakika kumi linawaka kama halijawahi kuugua. Nikabadilisha filta mara mbili, bure. Nikasafisha tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi, maana likiziba tangi linashindwa kuingiza hewa na dizeli inagoma kutoka. Bado.

Mwisho nikachukua dumu la dizeli safi, nikaliweka juu kuliko injini, nikaunga mpira wake moja kwa moja kabla ya filta. Trekta likapiga kazi nusu siku bila kukohoa. Basi nikajua ugonjwa uko tangini au kwenye mrija wake. Kumwaga tangi, nikakuta kipande cha nailoni, kile kifuniko chembamba cha ndani ya mdomo wa dumu. Kinaelea, kinavutwa, kinaziba mdomo wa mrija. Injini ikizima mvuto unaisha, kinabanduka chenyewe. Ndiyo maana ilikuwa inapona kwa kusubiri. Kile kipimo cha dumu sasa ndicho ninachoanza nacho kila mara, kabla sijashika spana.

Baharia
Kwenye boti adui ni maji. Tangi likikaa nusu, unyevunyevu wa hewa unageuka matone kwenye kuta za ndani na kushuka chini ya dizeli, maana maji ni mazito zaidi. Pale maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu, wanatengeneza utelezi mweusi kama uji. Filta yangu mpya ilidumu saa chache tu. Nilibadilisha tatu ndipo nikakubali kumwaga tangi lote na kulisugua. Siku hizi nalijaza kabla ya kulaza boti, na bakuli la kuchuja maji nalifungua chini kila wiki.

Spana 14
Angalieni na bolti inayoleta dizeli kwenye pampu kubwa. Baadhi ya pampu zina kichujio kidogo cha waya humo ndani na wengi hawajui kama kipo. Changu kilikuwa kimeziba kabisa.

Fundi Mstaafu
Wenye fidi pampu ya kiwambo (utando laini wa ndani) inayosukumwa na kemu ya injini, pimeni oili kila asubuhi. Ikiwa inaongezeka badala ya kupungua, na kijiti kinanuka dizeli, kiwambo kimepasuka na dizeli inamiminika ndani ya injini. Usiwashe tena! Oili iliyochanganyika na dizeli haishiki kwenye beringi. Nimeona kreki, ule mhimili mkuu wa injini, ikifa kwa kosa hili moja, na mwenyewe alikuwa akifurahi kwamba injini yake haili oili.

La pili, na nawaomba mlishike. Mkilegeza nati za nozo, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, ili kutoa upepo ulionaswa, legezeni kidogo tu, na mkono ukae mbali. Dizeli kwenye nozo za zamani inatoka kwa msukumo wa zaidi ya baa 100. Inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano na hakiumi sana mwanzoni, lakini mtu anaweza kupoteza kidole. Ikitokea, hospitali muda uleule.

Mgeni
Samahani wakuu, yangu inapigwa stata hadi betri inachoka. Upepo nimetoa hadi kwenye pampu, dizeli safi inafika. Ekzosi haitoi moshi wowote.

Mwanzisha mada
Moshi mweupe ungemaanisha dizeli inaingia silinda ila haiungui. Bila moshi kabisa, haifiki. Kama pampu yako ina ile koili ya umeme ya kuzimia, inayofungulia dizeli ikipata umeme na kuifunga ukizima, washa swichi uisikilize, inatakiwa ilie "tak". Kimya? Ivutie waya moja kwa moja kutoka betri, hakikisha tu volti zake zinalingana.

Mgeni
Nimevuta waya, imelia. Nimetoa upepo kwenye nozo mbili, imewaka stata ya tatu! Waya wa zamani ulikuwa umeoza ndani ya ganda. Asanteni sana wakuu, nilikuwa nimeshafungua bolti mbili za pampu.