Ukoo wa Bibi Zena, Marekani: makato ya Salim

Salim: Shikamooni. Jamani, mshahara wangu wa kwanza, wiki mbili, kwenye slipu ni dola 1,600. Ila kuna mstari OASDI umeondoka na 99.20. Huyu OASDI ni nani?

Mjomba Hamisi: Marahaba 😂 Ndiye soshal sekyuriti huyo, mfuko wa pensheni wa serikali. Karibu mjini.

Salim: Jamaa wa kazini anasema nijaze upya W-4, ile fomu ya makato ya kodi, nidai msamaha, sikatwi tena.

Dada Asha: Usithubutu. W-4 ni ya kodi ya mapato tu. Ile 6.2% ya soshal haiguswi, na shuka mstari mmoja utakuta 23.20 ya Medicare, bima ya afya ya wazee, nayo haiguswi. Kodi ya mapato usipostahili msamaha utakuja kudaiwa yote kwa mkupuo.

Mjomba Hamisi: Mbona Waamishi, wale Wakristo wa ndevu na magari ya farasi, hawalipi soshal?

Dada Asha: Kweli, tangu sheria ya 1965. Lakini kuna Fomu 4029 ya kuomba msamaha huo, na dhehebu lenyewe liwe limekuwepo tangu mwisho wa 1950 na linatunza wazee wake. Halafu unaapa hutadai senti ya soshal. Mwamishi akiajiriwa na asiye Mwamishi, anakatwa kama Salim.

Mjomba Hamisi: Salim, fuga ndevu, mimi nitafute farasi 🐴 Na ushukuru, mwajiri anakuongezea 99.20 nyingine usiyoiona. Mimi dereva wa kujitegemea nabeba pande zote mbili, soshal na Medicare, 15.3%.

Salim: Na nikirudi nyumbani kabla ya kutimiza ile miaka 10 ya kuchangia ili upate pensheni, narudishiwa?

Dada Asha: Hurudishiwi.

Salim: Basi ni wizi 😡

Shangazi Mwanaidi: Salim mwanangu, usiseme hivyo. Mume wangu alipofariki hakuwa ametimiza hata hiyo miaka 10. Watoto wakapata. Kila Jumatano ya tatu ya mwezi hela iliingia, mpaka mdogo wao alipofika 18. Mimi nililipia kodi ya nyumba kwa hiyo OASDI yako.

Salim: Samahani shangazi. Sikujua.

Shangazi Mwanaidi: Hujanikosea. Umekula lakini?

Nuru: Shikamooni wote. Hivi na mimi nastahili kukatwa? Niko na viza ya mwanafunzi, F-1, mwaka wa pili, haya mafunzo ya kazi nje ya chuo. Slipu yangu nayo ina OASDI.

Dada Asha: Weee! Tangu lini?

Nuru: Tangu Januari.

Dada Asha: Nuru!! Mwenye F-1 ndani ya miaka 5 ya kwanza ya kalenda, kwa kazi iliyoruhusiwa na viza yake, halipi soshal wala Medicare. Waandikie ofisi ya mishahara sasa hivi warudishe. Kwa maandishi, usipige simu. Wakikataa tunakwenda IRS, watu wa kodi, na Fomu 843 pamoja na 8316 za kudai urudishiwe.

Salim: Kumbe wa kutoka yupo, ila mimi mwenye grinikadi ndo nimenasa 😭

Mjomba Hamisi: Ndevu, mwanangu. Ndevu.

Nuru: Dada Asha, wamejibu. "Hapa kila mtu anakatwa."

Dada Asha: Safi kabisa. Piga picha hiyo barua pepe, usiifute. Jumamosi njoo na slipu zote.