Mada: Kikundi cha djembe hapa Leeds, niende?

Kutoka: Binti wa Tanga, Leeds

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za siku nyingi. Naomba ushauri. Kwenye maktaba ya mtaani kwetu limebandikwa tangazo la kikundi cha ngoma za Afrika Magharibi. Wanakutana kila Jumatano saa moja jioni kwenye ukumbi wa kanisa, hakuna usaili, na ngoma wanakuazima. Huu ni mwaka wangu wa pili wa zamu za usiku kwenye makao ya wazee, na nje ya wenzangu wa kazini simjui mtu. Natamani sana kwenda. Ila ngoma hizo si za kwetu, na mara ya mwisho kushika ngoma ni shule ya msingi. Halafu nilipomgusia mama kwenye simu, aliuliza tu, "Ngoma za nini hizo, mwanangu?" Nikajua anachokiogopa.

Kutoka: Kaka wa Kakamega, Manchester

Marahaba dada. Nenda Jumatano hii hii.

Mimi nina miaka sita kwenye kikundi kama hicho. Jambo moja uliseme mlangoni kabla hujaketi: unatoka Tanzania na unakuja kujifunza. Wengi watakuona Mwafrika wadhani umezaliwa na djembe mapajani, na usipowaambia mapema utabeba mzigo usio wako. Kutoka Tanga hadi Conakry ni mbali kuliko kutoka Leeds hadi Cairo. Djembe ni ya Wamandinka, watu wa Guinea na Mali. Kwetu tunapiga isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka, na nilipojitambulisha hivyo mwalimu alifurahi, akataka nimwonyeshe.

Tena utakuta mengi unayoyajua. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina neno lake. Kwa Wamandinka nako nyuma ya djembe kuna dunun tatu zinazopigwa kwa fimbo: dundunba ndiyo kubwa, sangban ya kati, kenkeni ndogo, mara nyingi na kengele ya chuma pembeni. Wageni wote huikimbilia djembe. Wewe omba sangban hata kwa robo saa. Wimbo wenyewe unakaa kwenye dunun, na ukishazisikia, mikono kwenye djembe inapata pa kushika.

Djembe ina sauti tatu. Besi unaipiga kwa kiganja kizima katikati ya ngozi, kisha unauinua mkono upesi. Toni ni pembeni, vidole vikiwa pamoja. Ya tatu ni ile kali, inayolia "pa!", vidole vimelegea kidogo. Hii itakuchukua miezi, na usiilazimishe kwa nguvu. Mimi niliilazimisha, nikaenda kazini wiki nzima vidole vimevimba, na kazi yangu ni ya kuinua mizigo. Wewe unainua wazee, kwa hiyo chunga hiyo mikono. Pete na saa vua, vinaumiza vidole na kuchana ngozi ya ngoma. Beba vizibo vya masikio, maana ukumbi mdogo wenye ngoma kumi na tano unavuma mno.

Kuhusu pesa, kwetu tunachanga pauni 6 kwa kila jioni, na anayekosa kazi halipi. Usinunue ngoma mwaka wa kwanza. Nyingi za madukani ni za mapambo, na kwenye fleti majirani hawatakuvumilia. Mazoezi fanya kwenye mto wa kulalia.

Kutoka: Mama wa Mwanza, Minneapolis

Mwanangu, naongezea mawili.

Siku utakayopata ngoma yako, usiiweke karibu na redieta wala usiiache garini kiangazi. Nyumbani tulizoea kuota moto wa nyasi na ngoma zetu ili ngozi ikaze. Djembe inakazwa kwa kamba, na joto kavu la ndani wakati wa baridi linaikaza zaidi ya hapo. Yangu ilipasuka usiku wa Januari, mlio kama risasi.

La pili ni la mama yako. Usimkasirikie, kwa watu wa pwani neno ngoma lina mambo yake. Siku ya kwanza muulize mwalimu kila pigo ni la nini, kisha umsimulie mama. Kuna pigo linaloitwa kuku, ni la akina mama wa eneo la Beyla, Guinea, waliokuwa wakicheza wakitoka kuvua samaki. Jingine, kassa, ni la wakulima shambani. Mwalimu asiyeweza kukwambia pigo limetoka wapi na la kazi gani, mimi nisingekaa kwake.

Kutoka: Binti wa Tanga, Leeds

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimeshakwenda Jumatano tatu.

Niliomba sangban kama kaka alivyosema. Kinachonishinda ni mwito, lile pigo la kiongozi linaloanzisha na kusimamisha wote. Wiki ya kwanza wote walinyamaza, mimi nikaendelea. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu aliyekaa kando yangu akanishika kifundo cha mkono taratibu, na mwito uliofuata akanikonyeza kabla haujafika. Sasa nausikia mwenyewe. Juzi alinileta nyumbani kwa gari lake, na Jumapili nimealikwa chai.

Mama nilimsimulia habari ya wavuvi wa kike. Kisha nikaiweka simu mezani, nikampigia kuku kwa vidole juu ya ubao, polepole, mara mbili. Alikaa kimya. Halafu akauliza, "Na nani anaitikia?"