Linden, Guyana: kwa nini alumini haikuyeyushwa palepale mtoni?

Mwanga_Stesheni (Kigoma):
Wakuu, naandaa somo la miji iliyozaliwa na madini. Uvinza naimudu: chemchemi za maji chumvi, mto Ruchugi, reli. Wa kulinganisha nao nimechagua Linden, kwenye mto Demerara. Majina yananichanganya (Mackenzie, Wismar, Linden), na sielewi kwa nini boksiti, yaani mawe yanayotoa alumini, ilipelekwa hadi Kanada.

Isevya_Juu (Tabora):
Mwalimu, anza na mto. Wismar na Christianburg ziko ukingo wa magharibi. Mackenzie iko mashariki, imepewa jina la George Mackenzie, aliyenunua ardhi yenye boksiti muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Demba, kampuni ya kuchimba boksiti hiyo, iliundwa 1916. Mwaka 1970 sehemu zote tatu ziliunganishwa zikaitwa Linden, kwa jina la waziri mkuu wa wakati huo, Linden Forbes Burnham, na 1971 Demba ikataifishwa.

Tafadhali usiiruke Mei 1964. Wakazi wa Wismar wenye asili ya Kihindi walichomewa nyumba wakafukuzwa. Mji si shimo na mitambo tu.

Ujiji_Gatini:
Jibu la swali lako la pili ni umeme. Kwa makadirio, tani 4 za boksiti hutoa tani 2 za alumina (unga mweupe), nazo hutoa tani 1 ya alumini. Hatua ya kwanza, kuchemsha boksiti kwa magadi makali, inawezekana mahali pengi; Linden yenyewe ilipata kiwanda cha alumina 1961. Hatua ya pili, kuigeuza alumina kuwa alumini, hula zaidi ya uniti 13,000 za umeme kwa kila tani. Kanada walikuwa na umeme wa maji wa mto Saguenay, ndiyo maana kiwanda kikubwa cha kuyeyushia alumini kilijengwa huko, Arvida.

Kilichoibeba Linden ni boksiti ya kuchomwa. Kwanza huondolewa kifusi kinene cha mchanga mweupe na udongo. Kadiri mgodi unavyosogea ndivyo kifusi kinavyozidi, na gharama hupandia hapo. Kisha mawe huvunjwa, huoshwa, huingizwa kwenye tanuri refu linalozunguka, joto likifika takriban nyuzi 1,600. Hupatikana malighafi ya matofali ya kujengea matanuri ya chuma. Madini ya chuma yakizidi ndani ya boksiti, tofali hulainika kwenye moto mkali, kwa hiyo mnunuzi huikataa. Boksiti ya Linden ina chuma kidogo, na hiyo ndiyo bahati yake. China ilipoingia soko hilo kwa bei ya chini miaka ya 1980, pigo likawa kubwa.

Mwanga_Stesheni (Kigoma):
Ahsanteni sana. Na meli kubwa zilifikaje hadi huko ndani?

Isevya_Juu (Tabora):
Zilifika, ila hazikujazwa. Linden iko kama kilomita 100 kutoka baharini, na mlangoni mwa Demerara kuna fungu la matope. Meli ikipakiwa hadi juu inakwama hapo. Ilitoka na nusu shehena, ikamalizia kujazwa Chaguaramas, Trinidad, kwenye maji yenye kina. Tani za kujazia, zilizotangulia kupelekwa huko, zikawa na gharama ya kupakiwa mara mbili. Lichore fungu hilo kwenye ramani ya darasani, wataelewa haraka.

Ujiji_Gatini:
Na uweke alama ya tanuri upande wa Mackenzie. Vumbi lake la kijivu lilitua kwenye mabati na nguo zilizoanikwa, na malalamiko ya wakazi juu ya vumbi hilo ni sehemu ya historia ya mji kama zilivyo tani zilizosafirishwa.